Farasi Tisini na Tano wa Ngomo

Sehemu ya Saba

Uvumi ulikuwa wa maneno manne tu, na Mukabalisa alishindwa kuumeza, akashindwa kuutema: lori la Ayoubu linapumua.

Mara ya kwanza aliusikia kwa wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akacheka. Mara ya pili aliusikia penye bomba la maji pale mtaani Kilibula, akaacha ndoo ifurike. Mara ya tatu ilikuwa kanisani, katikati ya maombi, mama mmoja akimnong'oneza mwenzake: "Likifika kona ya tatu ya mlima Ngomo linashusha pumzi kama muntu. Na ile pumzi si yake. Ni ya shofere."

Siku hiyo Mukabalisa hakuimba wimbo wa mwisho. Kwa maana shofere, yaani dereva, wa lori lile, tangu mwezi uliopita, ni Ndahiro, mwanawe.

Ndiyo maana, msomaji, wiki jana ulimwacha Mukabalisa amejipenyeza ndani ya kabini ya lori hilo, limeegeshwa barabarani Kilibula, asubuhi kweupe, Ndahiro akiwa kibandani anakunywa chai. Kucha zake zilikuwa zinabandua ile karatasi ya plastiki iliyogandishwa kwenye kioo cha mbele, karatasi ya kipimo yenye namba kubwa nyekundu: 320. Na sauti ya mwanamume ikamjia dirishani, kwa nyuma ya kisogo:

"Ibandue, mama. Minye ndiye niliyeidanganya."

Mukabalisa aligeuka nusura avunje shingo.

Mzee mwembamba, koti la bluu la fundi limechanika mfukoni. Macho mekundu kama ya mtu aliyesahau kulala.

"Weye nani?"

"Nizigama. Natoka Bujumbura. Kule minye ndiye ninayeendesha machini ya kupima nguvu za magari. Gari inapanda juu ya rula za chuma, mapipa yanayozunguka, inakimbia, na haiendi popote. Hii kamiyo, hili lori lenu, niliipima minye mwenyewe."

Kabla Mukabalisa hajajibu, mlango wa pili ukafunguka kwa kishindo.

"Mama! Unatafuta kazi ya ukonda?"

Ndahiro! Kijana wa miaka ishirini na sita, mabega kama mlango, kicheko cha marehemu baba yake. Mukabalisa alisukumia karatasi ndani ya kitenge, na fundi akarudi nyuma ya lori.

"Natafuta kitambaa changu."

"Kitambaa iko mu kichwa chako, mama." Kisha akatazama kioo. Pale palipokuwa na karatasi pamebaki mraba msafi katikati ya vumbi. "Na karatasi yangu?"

"Upepo."

"Upepo wa ndani ya gari?" Alicheka. "Haidhuru, namba niko nayo mu kichwa. Leo napakia Luberizi mifuko ya mchele mia tatu na ishirini. Kila farasi na mufuko wake!"

Hayo ndiyo maneno ya Ayoubu, tajiri mwenye lori. Siku ile lori liliporudi kutoka Bujumbura na turbo mpya, ile pampu ya kusukuma hewa, aliitisha karamu na kusoma namba mbele ya watu kama anayesoma cheti cha mtoto aliyefaulu. Zamani gari lilikuwa na nguvu za farasi mia mbili na kumi, likabeba mifuko mia mbili na kumi. Sasa lina mia tatu na ishirini. Kila farasi abebe mfuko wake. Watu wakapiga makofi, mchungaji akaiombea namba. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyewahi kumpa farasi wa moteri, yaani injini, mfuko mgongoni.

"Ndahiro, leo usiende."

"Mama, tangu kamiyo itengenezwe baada ya ajali nabeba mizigo midogo kama ya punda. Leo ndiyo siku ya kwanza ya mzigo kamili. Unataka waseme namuogopa marehemu aliyeiendesha mbele yangu?"

Marehemu! Mukabalisa aling'ang'ania usukani. Ndahiro akamshika kiuno, akamshusha chini kama mtoto, akawasha moteri. Mbele ya lori maandishi ya rangi ya njano yakatetemeka: NGOMO NAKUJA.

Vumbi lilipotulia, mama na fundi walikuwa wamebaki wawili barabarani.

"Haya," alisema Mukabalisa, na sauti yake haikuwa ya kubembeleza tena. "Niambie uongo wako."

Walikaa kwenye benchi ya muuza chai. Nizigama alitandaza karatasi juu ya magoti, akapitisha kijiti juu ya mistari.

"Mistari iko miwili. Huu unaopanda ni wa farasi. Shevo. Huu wa pili, unaopanda halafu unaanguka halafu unapanda tena, ni wa kuple."

"Kuple ndiyo nini?"

"Weye unasongaka bugali?"

"Unaniuliza mimi bugali?"

"Ile nguvu ya mukono inapogeuza mwiko mu bugali nzito, ile ndiyo kuple. Sasa hesabu unageuza mara ngapi kwa dakika. Nguvu ya mukono, zidisha na mizunguko, ndipo unapata farasi. Machini yangu haionaka farasi hata mumoja, mama. Inaonaka mukono tu. Farasi ni hesabu."

"Hesabu gani?"

"Kuple mara mizunguko, gawanya kwa elfu saba. Iko na kidogo juu yake, lakini kwa muntu wa soko elfu saba inatosha."

Mukabalisa aliishia darasa la sita. Lakini mtu aliyeuza mchele kwa kopo miaka ishirini hafundishwi kuzidisha. Aliomba kipande cha makaa kwa muuza chai, akainama juu ya benchi.

"Hapa juu wameandika farasi mia tatu na ishirini, mizunguko elfu mbili mia tano. Hapo hapo kuple ni ngapi?"

"Mia sita na thelathini."

Makaa yakakwaruza ubao. Mia sita thelathini mara elfu mbili mia tano. Milioni moja, mia tano sabini na tano elfu. Gawa kwa elfu saba.

Alihesabu mara moja. Akafuta kwa kiganja, akahesabu tena.

"Mia mbili ishirini na tano," alisema polepole. "Nimekosea?"

"Hukukosea."

"Basi hii mia tatu na ishirini imetoka wapi?"

Nizigama alitazama mikono yake.

"Imetoka mu vidole vyangu. Patron, bosi wa garage yetu, alisema tajiri amekwishatangaza kwao gari itazidi mia tatu. Akasema muteja haondokaka na mstari, anaondokaka na namba. Nikafuta ile ya machini, nikaandika ile nyingine. Nilisahau kudanganya na mistari."

Mukabalisa alitoa tofauti bila makaa. Tisini na tano.

Farasi tisini na tano hawapo. Hawakuwahi kuwepo. Na mwanawe anakwenda kuwapakilia mifuko tisini na tano ya mchele.

"Na hapa?" Kidole chake kilisimama juu ya mstari wa kuple, pale ulipoanguka ghafla kama mtu aliyekosa ngazi. "Hili shimo ni la nini?"

Muuza chai mwenyewe aliacha kusuuza vikombe.

"Ndilo lililonileta, mama. Turbo tuliyoweka ni kubwa, na mashine ya mafuta haikurekebishwa sawasawa. Chini ya mizunguko elfu moja mia nane turbo inalala. Kwa mizunguko elfu moja mia sita, kuple ni mia tatu themanini tu. Hesabu."

Alihesabu. Mia sita na nane elfu, gawa kwa elfu saba.

Themanini na sita na ushee.

Farasi themanini na sita kwa mifuko mia tatu na ishirini! Hata lori la zamani, kabla ya kupelekwa Bujumbura, halikuwahi kuwa maskini hivyo mlimani.

"Gari ikibeba sana, ikapanda Ngomo na vitesi ya pili, gia ya pili," alisema Nizigama, "inafika kona ya tatu na mizunguko hiyo hiyo. Inaingia mu shimo. Hewa inarudi nyuma mu turbo. Inatoa sauti." Alifumba macho, akaitoa kwa kinywa: "Hhhaaa."

Mukabalisa alishika ukingo wa benchi.

"Pumzi."

"Ndiyo. Pumzi. Shofere anasikia, anakanyaga mafuta. Hakuna kitu. Anakanyaga tena. Gari inaanza kurudi nyuma."

"Basi si mzimu," alisema kwa haraka, kama anayefunga mlango. "Ni turbo."

"Minye pia nilijiambia vile."

"Na sasa?"

"Siku ya kipimo, kwenye usukani alikaa Révérien, shofere wenu wa kwanza. Anatafuna tangawizi mbichi, anagonga dashibodi mara tatu kabla ya kubadili vitesi. Ko, ko, ko. Alikimbia juu ya rula robo saa nzima bila kwenda popote. Akashuka, akaniuliza: 'Papa, namba iko muzuri?' Nikamwambia iko muzuri." Mzee alivunja kijiti. "Tangu alipokufa, mama, nikizima machini rula hazisimami. Nazima umeme. Natoa waya. Zinageuka. Na juu yake nasikia: ko, ko, ko."

Révérien! Alikuwa jirani yake pale Kilibula. Mukabalisa alikuwepo siku habari ilipofika kwamba lori limerudi nyuma kona ya tatu na kumbana ukutani mwa mlima. Alikuwepo makaburini. Udongo wa pili ulitupwa na mkono wake mwenyewe. Na alikumbuka mjane, Claire, alivyoweka kipande cha tangawizi juu ya jeneza, na watu walivyotazama pembeni.

Hakuaga. Alikunja karatasi, akasimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita.

"Luberizi! Mbio!"

"Mama, hata bei hatujaongea."

"Nitakulipa na roho yangu. Endesha!"

"Roho sina chenji yake," alisema mwendesha pikipiki, lakini alipomtazama usoni akafunga kinywa, akafungua mafuta.

Kavimvira ikapita. Kiliba ikapita. Sange, watu wanavuka na ng'ombe, pikipiki ikapenya kati ya pembe. Kila lori lililokuja mbele Mukabalisa alilisoma kifuani, akitafuta maandishi ya njano. Simu ya Ndahiro ililia mara saba bila kupokelewa.

Walipofika Luberizi jua lilikuwa limepita utosini. Ghala wazi. Punje zimemwagika chini, na ndege weupe wa mashamba ya mpunga wanazidonoa bila hofu. Mbele ya mlango alama mbili za matairi zimezama ardhini, kina cha kiganja.

Hata ardhi ilikuwa imehesabu, na hesabu yake haikuwa ya Ayoubu.

"Karibu, Mama Ndahiro!" Tajiri alitoka na kofia yake iliyoshonwa kwa mkono, tasbihi kwenye vidole. Si mtu mbaya, Ayoubu. Ni mtu aliyependa namba yake kuliko anavyopenda kuulizwa. "Umemkosa kidogo tu. Ameondoka saa moja iliyopita tu. Mia tatu na ishirini, haikubaki hata mumoja!"

"Mpigie arudi."

"Arudi? Bukavu wanamungojea."

"Ayoubu, farasi wako mia tatu na ishirini, tisini na tano si hai."

Alicheka. "Walikufa na ugonjwa gani?"

Mukabalisa hakucheka. Alichukua ufito, akachora hesabu kwenye vumbi la ghala, pale pale, mbele ya wapakizi. Kuple. Mizunguko. Elfu saba. Mia mbili ishirini na tano. Kisha akachora shimo. Themanini na sita.

Wapakizi walisogea. Mmoja, mwanamume mwenye kitambaa kichwani, alisema taratibu: "Patron, mama iko na hesabu ya sawasawa."

Tasbihi ya Ayoubu ilisimama.

"Aliyekuambia ni nani?"

"Aliyeandika namba. Yuko Kilibula, anatetemeka."

Ayoubu aliketi juu ya mizani kama mzigo uliotupwa. Mshale wa mizani ukaruka.

"Révérien alinipigia simu siku ile," alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa imepungua nusu. "Alikuwa kona ya pili. Akasema: 'Patron, gari haina nguvu, napakua kidogo.' Nikamwambia..." Alivua kofia. Akajaribu tena. "Nikamwambia: 'Soma karatasi, iko mbele ya macho yako.' Akasema sawa. Neno lake la mwisho duniani ni sawa."

"Lia baadaye! Nipe simu yako. Yangu haipokelewi."

Iliita mara moja. Mara mbili. Ikapokelewa.

"Allo, patron!" Kelele za moteri nyuma yake, nzito, za chini, kama ng'ombe aliyekwama matopeni.

"Ni mimi, mama yako. Uko wapi?"

"Mama? Unafanya nini na simu ya patron? Nimekwisha kupita Kamanyola. Naanza kupanda Ngomo."

"Simama, Ndahiro! Simama sasa hivi, pakua mifuko! Ile namba ni ya uongo, baba, nimepiga hesabu mwenyewe..."

"Mama, usihangaike." Sauti ya kijana ilikuwa tulivu. Tulivu mno. Haikuwa sauti yake ya asubuhi. "Siko peke yangu. Nimepakia muzee moja pale Kamanyola, alikuwa amesimama kando ya barabara, hana hata mufuko, kofia imefunika uso. Anajua hii kamiyo kuliko minye. Anajua hata sauti yake."

"Muzee gani?"

"Anasema mifuko isipunguzwe hata mumoja. Anasema weye ulihesabu vizuri, mama, farasi tisini na tano hawamo mu moteri." Kijana akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Anasema wako mlimani. Anasema wanatungojea kona ya tatu."

Mukabalisa aliigandamiza simu sikioni. Hesabu ile aliipiga kwa makaa Kilibula. Hakumwambia mtu ila fundi, na hawa waliomzunguka sasa hivi.

"Ndahiro," alinong'ona, "huyo mtu anafanya nini sasa?"

"Nini? Hakuna kitu. Anatafuna tangawizi."

Na nyuma ya moteri, wazi kabisa, karibu na kinywa cha simu kuliko mwanawe mwenyewe, Mukabalisa akasikia: ko, ko, ko.

Simu ikakatika.

Alipiga. Haipatikani. Akapiga. Haipatikani. Ayoubu tayari alikuwa anakimbilia gari lake dogo, kanzu imekunjwa mpaka magotini, analia kwa sauti jina la Mungu. Wapakizi wanarukia nyuma na majembe na kamba. Wakamvuta Mukabalisa ndani, gari likaondoka milango ikiwa wazi.

Kule milimani sauti hupotea, lakini mara nyingine ujumbe wa maandishi hupita. Mama aliyeishia darasa la sita aliinamia simu ya tajiri, gari linamrusha huku na huku, akaandika kwa kidole kimoja maneno ambayo kila mama mwenye mtoto kwenye usukani angetamani kuyaandika mapema. Aliyaandika bila salamu, kwa sababu salamu ingechukua nafasi.

Usipande kona ya tatu na mzigo wote. Pakua mifuko tisini na tano hapo ulipo, hata kama mvua inakuja.

Usiiamini namba ya juu. Tazama mstari unaanguka wapi.

Usiache moteri ishuke chini ya mizunguko elfu moja mia nane. Ingia vitesi ya kwanza kabla ya kona.

Usibadili vitesi ndani ya kona.

Usikanyage mafuta gari ikishusha pumzi. Turbo ikiamka itakurusha.

Usisimame kwenye mteremko bila jiwe nyuma ya tairi.

Usimjibu patron akikuambia soma karatasi. Karatasi niko nayo mimi.

Usile tangawizi akikupa.

Na huyo aliyekaa kando yako, mwanangu, usimuulize jina.